Kwa Fundi Inawaka, Dukani Inakufa: Kisa cha Inverta ya Arua na Safari ya Joto Kutoka kwa Elektroni Hadi Hewani

Duka la soda na juisi mjini Arua, Uganda, linaendeshwa kwa sola: paneli juu ya bati, betri mbili za volti 12 zilizofungwa sambamba, na inverta ya wati 1,000, mashine inayogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa soketi, ya ile aina ya zamani yenye transfoma nzito ya chuma. Inabeba friji mbili za milango ya vioo zinazovuta wati 220 kila moja, feni ya ukutani ya wati 60, na taa pamoja na televisheni kama wati 100. Jumla ni wati 600. Kwa hesabu za karatasi, mashine ina nafasi ya kutosha.

Siku moja soketi ya friji iliingia maji ikapiga shoti, na inverta ikafa papo hapo. Ndani, mosfeti tatu za upande mmoja (mosfeti ni swichi ya silikoni inayofunguka kupitisha mkondo na kufunga kuuzuia) zilikuwa zimeungua. Hilo halikuwa fumbo. Fumbo lilianza baada ya matengenezo. Fundi alibadilisha zote tatu, akaijaribu kwa balbu ya wati 100 kwa dakika 10, ikawaka bila shida. Dukani ikafanya kazi dakika arobaini na kitu, kisha ikafa. Ikarudishwa, zikabadilishwa tena, balbu ikawaka tena, na dukani ikafa tena, mara zote mbili wakati friji mojawapo inaamka. Mazungumzo ya mara ya tatu kati ya fundi na Hajati, mwenye duka, yalikuwa mafupi.

“Hajati, hapa kwangu inawaka vizuri kabisa. Labda friji zako ndizo mbovu.”

“Kwako inawaka, fundi. Kwangu inakufa. Na friji ni zilezile za mwaka jana.”

Hajati alikuwa sahihi, na kauli yake ndiyo ushahidi wa kwanza wa kesi hii. Kitu kinachofanya kazi dakika 10 kwa mzigo mdogo na kufa dakika ya 40 kwa mzigo mkubwa, hakiuawi na volti. Kinauawa na joto linalojikusanya. Ili kujua limejikusanya wapi, inabidi kulifuata tangu linapozaliwa, yaani pale elektroni inapoigusa atomi ya silikoni.

Hesabu ya mkondo kwanza

Wati 600 zinazotoka kwenye soketi zinahitaji karibu wati 700 kuingia kutoka kwenye betri, kwa sababu transfoma, nyaya na mosfeti hula sehemu yake. Wati 700 kwa volti 12 ni karibu ampea 60. Mkondo huo unapita upande mmoja wa transfoma kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, kisha upande wa pili kwa muda uleule, na hivyo ndivyo hezi 50 zinavyopatikana. Kila upande una mosfeti tatu sambamba, kwa hiyo kila moja, zamu yake inapofika, hubeba ampea 20.

Mosfeti zenyewe ni IRF3205, zinazojulikana na kila fundi wa inverta ndogo. Karatasi yake ya vipimo inasema hivi: volti 55, upinzani usiozidi miliomu 8 (sehemu nane za elfu za omu) inapokuwa wazi kabisa kwenye nyuzi 25, na joto la silikoni lisizidi nyuzi 175. Ampea 20 zikipita kwenye miliomu 8, volti 0.16 huangukia ndani ya mosfeti, na ampea 20 mara volti 0.16 ni wati 3.2. Kwa kuwa kila moja hufanya kazi nusu ya muda, wastani ni wati 1.6. Mosfeti sita halisi, zikiwa baridi, hutoa jumla ya wati 9.6 za joto. Ni kidogo sana, chini ya moto wa balbu ya taa ya breki ya gari.

Elektroni inavyotoa joto lake

Ndani ya mosfeti kuna kipande cha silikoni chenye upana wa milimita chache na unene wa kama robo milimita, kimechomelewa juu ya bamba la shaba. Mkondo hupita kutoka uso mmoja hadi mwingine. Sehemu inayoleta upinzani mwingi ni njia nyembamba chini ya geti (mguu unaoiamuru mosfeti ifunguke au ifunge), pamoja na tabaka lenye unene wa mikromita chache ambalo kazi yake ni kuzuia volti pale mosfeti inapofungwa.

Atomi za silikoni zimepangwa katika kiunzi cha fuwele kinachojirudia kila nanomita 0.543. Kama zingetulia tuli kila moja mahali pake, elektroni ingepenya katikati yake bila kuzuiwa, kwa sababu mpangilio uliokamilika haumgongi mtu. Vinavyoizuia ni viwili: atomi ngeni zilizopandikizwa kiwandani ili silikoni ipitishe umeme, na mitetemo ya kiunzi chenyewe. Kwa joto la kawaida la duka, mitetemo ndiyo inayoamua mambo.

Mitetemo hiyo haitolewi wala kupokelewa kwa kiasi chochote kile. Huenda kwa vipimo kamili, kama soda inayouzwa kwa chupa na si kwa matone. Kipimo kimoja huitwa fononi. Katika silikoni kuna aina mbili zinazotuhusu. Fononi za akustiki ni pale atomi jirani zinapoyumba pamoja, kama wimbi la sauti. Hizi husafiri kilomita 5 hadi 9 kwa sekunde, na ndizo zinazobeba joto kutoka mahali hadi mahali. Fononi za optiki ni pale atomi mbili jirani zinapoyumba kinyume, moja ikienda kushoto nyingine kulia. Hizi zina nguvu kubwa zaidi, kama elektronivolti 0.062 kila moja (elektronivolti ni nguvu ambayo elektroni moja hupata ikivuka volti moja), lakini hujikokota. Karibu hazitoki zilipozaliwa.

Sasa tufuate elektroni moja. Hata kabla ya betri kuisukuma, inakwenda huku na huku kwa kasi ya kama kilomita 230 kwa sekunde, na kila baada ya kama moja ya tano ya trilioni ya sekunde inagongana na mtetemo na kugeuzwa njia. Umeme ukiwashwa, kitu pekee kinachoongezeka ni mwelekeo mdogo wa pamoja, kilomita 3 au 4 tu kwa sekunde, kuelekea dreini, mguu ambao elektroni hutokea. Kila inapovutwa inapata nguvu kidogo. Kila inapogongana inaacha kidogo. Migongano mingi na fononi za akustiki huigeuza njia tu na kuipunguzia nguvu kidogo mno. Nguvu nyingi hutolewa pale elektroni inapokuwa na akiba ya kutosha kutoa fononi nzima ya optiki: mara moja inapoteza elektronivolti 0.062, na kiunzi kinabaki kikitetema.

Hapo ndipo hesabu ya ampea inapokutana na hesabu ya atomi. Volti 0.16 ndani ya mosfeti maana yake ni kwamba kila elektroni inayopita inaacha elektronivolti 0.16 humo. Kama zote zingetolewa kwa njia ya fononi za optiki, ni chini ya fononi tatu kwa kila elektroni, kuanzia mlango wa kuingilia hadi wa kutokea. Fononi tatu si kitu. Lakini ampea 20 ni elektroni 125,000,000,000,000,000,000 kila sekunde, na zikiacha fononi zao zote unapata zile wati 3.2.

Fononi ya optiki haidumu. Baada ya pikosekunde chache, yaani sehemu chache za trilioni ya sekunde, inavunjika na kuwa fononi za akustiki, na hizo ndizo zinazoondoka na joto kuelekea shaba. Katika transista za prosesa ya simu, zenye urefu wa makumi machache ya nanomita, hatua hii ina uzito wake. Elektroni hupita ikiwa na nguvu nyingi, ikazimwaga zote katika kieneo kidogo upande wa dreini, kidogo kuliko umbali ambao fononi husafiri kabla ya kugongana na nyingine (kwa wastani kama nanomita 300), na joto linakwama pale kuliko hesabu za kawaida zinavyoonyesha. Kwa mosfeti ya inverta tabaka ni nene na volti iliyoangukia humo ni ndogo, kwa hiyo makabidhiano kati ya elektroni na kiunzi hayakwami kamwe. Huu ni mstari wa kwanza wa uchunguzi: tatizo haliko pale joto linapozaliwa. Liko mbele ya safari.

Kutoka silikoni hadi hewani

Silikoni yenyewe ni njia nzuri ya joto: wati 148 kwa mita kwa nyuzi moja kwenye joto la kawaida, kiasi kinachoshuka inapopata moto. Robo milimita ya silikoni inachukua kama milisekunde moja tu kupitisha joto, na hula chini ya sehemu moja ya kumi ya nyuzi kwa kila wati. Shaba iliyo chini yake ni bora zaidi, karibu 400. Ukiweka pamoja silikoni, risasi ya kulehemu na shaba, karatasi ya IRF3205 inasema nyuzi 0.75 kwa wati, na nyingine 0.50 kati ya shaba na hitisinki (bamba la kumwagia joto hewani) endapo sehemu zote ni bapa na zimepakwa grisi ya joto. Kwa wastani wa wati 1.6, hizo ni nyuzi 2.

Hewa ni jambo jingine. Uwezo wake wa kupitisha joto ni 0.026, mara elfu kadhaa chini ya silikoni. Ufa wa sehemu ya kumi ya milimita kati ya shaba na alumini, ukijaa hewa badala ya grisi, unazuia joto kuliko chuma chote kilicho juu yake. Na kutoka kwenye mapezi ya hitisinki kwenda chumbani njia kuu ya joto ni hewa. Arua iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 10, na hitisinki inayopozwa na hewa inapoteza sehemu ya nguvu yake kwa sababu hiyo hiyo. Wanaonakili mchoro wa inverta kutoka pwani wakumbuke hilo.

Katika kisa hiki hitisinki ni bamba moja la alumini la gramu 200 hivi, mosfeti zote sita zikiwa zimefungwa juu yake kwa vipande vya maika, madini yanayozuia umeme. Feni ya volti 12 ya inverta yenyewe ikizunguka, bamba hupanda kama nyuzi 2 kwa kila wati juu ya hewa iliyolizunguka. Feni ikisimama, ni kama nyuzi 4.

Kilichokutwa

Geti lilichunguzwa kwanza, kwa sababu mosfeti isiyofunguka vizuri huungua haraka. Elektroni ikipita kwenye mosfeti iliyo nusu wazi yenye volti 3 ndani yake, inaacha nguvu sawa na fononi karibu 48 badala ya tatu. Lakini mita ilionyesha kilele cha volti 11 kwenye geti za pande zote mbili. Geti likaondolewa kwenye orodha ya watuhumiwa. Nyaya za betri na viungio vyake havikuwa na tatizo.

Feni haikuwa inazunguka. Vumbi jekundu la murram lilikuwa limechanganyika na mafuta ya jikoni ya jirani yakawa kama udongo kwenye ekseli yake. Unene wa uchafu ulionyesha kwamba ilisimama muda mrefu kabla ya shoti ya soketi. Na inverta ilikuwa imewekwa ndani ya kabati la mbao nyuma ya friji, mahali friji inapomwaga joto lake. Hewa humo mchana wa kiangazi ilikuwa nyuzi 45.

Kisha mosfeti. Mpya zilizofungwa zilikuwa na maandishi ya IRF3205 yaliyochapwa vizuri tu. Kipimo ndicho kilichozungumza, na ni kipimo ambacho kila karakana inaweza kufanya bila kifaa cha ghali:

Chukua balbu ya taa kubwa ya gari ya volti 12, wati 60. Inavuta karibu ampea 5. Iunganishe kati ya chanya ya betri na dreini, na sosi, mguu ambao elektroni huingilia, ipeleke kwenye hasi. Weka betri ndogo ya volti 9 kati ya geti na sosi, chanya kwenye geti. Balbu itawaka. Sasa weka mita kwenye milivolti, gusa mguu wa dreini na wa sosi karibu kabisa na mwili wa mosfeti, wala si kwenye waya, na usome haraka kabla haijapata moto. IRF3205 halisi isizidi kama milivolti 40, yaani miliomu 8. Zile za upande ambao haukuungua zilisoma 36 hadi 38. Zile mpya zilisoma kama 110. Gawanya kwa ampea 5: miliomu 22.

Hiyo ni silikoni ndogo iliyovalishwa jina la silikoni kubwa. Ampea 20 zikipita humo, volti 0.44 huangukia ndani, fononi saba kwa kila elektroni badala ya chini ya tatu, wati 8.8 zinapokuwa wazi, wastani 4.4. Upande mbovu peke yake ulikuwa unatoa wati 13.2, na upande mzima wati 4.8. Jumla wati 18 badala ya 9.6.

Wati 18 bado si nyingi. Mtu anaweza kuuliza kwa haki: zinaunguzaje?

Joto linavyozaa joto

Jibu linarudi kwenye fononi. Silikoni ikipata moto, mitetemo huongezeka. Kwa nyuzi 25, idadi ya wastani ya fononi za optiki katika kila aina ya mtetemo ni kama 0.10, kwa nyuzi 125 ni kama 0.20. Zimeongezeka maradufu, na zile za akustiki nazo zimeongezeka. Elektroni inagongana mara nyingi zaidi, wepesi wake wa kwenda unashuka, na upinzani unapanda. Katika silikoni isiyopandikizwa sana, wepesi huo hushuka kwa nusu nzima kati ya nyuzi 25 na 125. Katika mosfeti ya aina hii, ambamo kuna pia shaba, nyaya na silikoni iliyopandikizwa sana, kadirio la kufanyia kazi ni ongezeko la upinzani la asilimia 0.65 kwa kila nyuzi moja.

Friji hazijui habari hizo. Zinadai wati zilezile, kwa hiyo mkondo unabaki ampea 60, na upinzani ukipanda, joto nalo linapanda, na joto likipanda, upinzani unapanda tena. Mwisho wa mzunguko huo unahesabika. Tuite P wati za joto zilizohesabiwa kwa nyuzi 25, R nyuzi kwa wati za hitisinki, na tukumbuke hewa ya kabati iko nyuzi 20 juu ya 25. Nyuzi ambazo bamba litafikia juu ya 25 ni:

(20 + R × P) ÷ (1 − 0.0065 × R × P)

Weka mosfeti zote halisi na feni nzima: R × P ni 19.2, na bamba linatulia kwenye nyuzi 70. Mosfeti halisi na feni iliyokufa: 38.4, bamba linatulia kwenye nyuzi 103. Mosfeti za bandia upande mmoja na feni nzima: 36, bamba linatulia kwenye nyuzi 98. Mosfeti za bandia na feni iliyokufa: 72, na hesabu inatoa nyuzi 198, juu ya kikomo cha silikoni hata kabla ya kuongeza nyuzi ishirini hivi ambazo kipande kidogo cha bandia huwa juu ya bamba lake.

Hapa ndipo kisa kizima kilipo. Feni iliyokufa peke yake iliishi na mashine kwa miezi bila mtu kujua. Mosfeti za bandia peke yake zingeweza kudumu muda mrefu zikiwa na upepo. Zilipokutana, hazikujumlishana, zilizidishana, kwa sababu zote mbili zimo kwenye R × P, na R × P imo juu na chini ya mstari wa hesabu. Ikifika 154, mstari wa chini unakuwa sifuri, na hakuna joto lolote ambalo mashine ingetulia.

Muda nao unaeleza. Gramu 200 za alumini zinahitaji kama juli 180 kupanda nyuzi moja. Kwa nyuzi 4 kwa wati, na mzunguko wa joto kuzaa joto ukijumlishwa, mwendo wake wa kupanda unapimwa kwa vipindi vya dakika 22 hivi. Bamba linapita nyuzi 150 karibu dakika ya 26, na 175 karibu dakika ya 43. Katika hali hiyo, friji inapoamka na mkondo wa mashine kupanda hadi mara mbili au tatu ya kawaida kwa nusu sekunde, kila mosfeti ya bandia inapokea kama juli 20 kwa mpigo. Kipande cha silikoni ni kidogo mno kuzihifadhi. Shaba yake inaruka kama nyuzi 30. Hapo silikoni huanza kuzalisha elektroni zake yenyewe kwa joto, mkondo unavuja hata geti likiwa limefungwa, na dreini na sosi zinaungana kabisa.

Na balbu ya karakana? Wati 100 ni ampea 10 kwenye betri, moja ya sita ya mkondo wa duka. Joto hufuata mraba wa mkondo: moja ya thelathini na sita. Wati 18 zinakuwa nusu wati. Kwa nusu wati, hata bila feni, bamba lilipanda nyuzi 2. Ungeliacha siku nzima lisingesema lolote. Kipimo hicho kinathibitisha kwamba waya zimeunganishwa, basi. Kuhusu joto hakisemi chochote, na fundi alikitegemea kwa nia njema kwa sababu ndivyo anavyofundishwa kila mtu.

Kuna mtego mwingine unaostahili kusemwa, kwa sababu umewapotosha wengi. Tuseme angebadilisha mbili tu kwa za bandia na kuacha moja halisi. Mosfeti sambamba hugawana mkondo kwa wepesi wa njia: ile halisi ingebeba karibu ampea 35, na kila ya bandia chini ya 13. Halisi ingekuwa inatoa wati 9.6 zamu yake, bandia 3.5. Halisi ndiyo ingekufa kwanza. Fundi angeishika mkononi, aone ni ile ya zamani, na aamini kwamba imechoka, kisha aweke ya tatu ya bandia. Iliyopasuka si lazima ndiyo yenye kosa. Ajabu ni kwamba fononi zilezile zinazoongeza joto ndizo zinazosaidia mosfeti zinazofanana kugawana kazi: inayopata moto zaidi upinzani wake unapanda, na mkondo unahamia kwa wenzake. Faida hiyo inapatikana tu zikiwa za aina moja kweli, na zikiwa wazi kabisa. Zikiwa nusu wazi mambo hugeuka, kwa kuwa volti inayohitajika kuzifungua hushuka kadiri zinavyopata moto, na iliyo moto zaidi huvuta zaidi.

Matengenezo yaliyofuata

Betri iliondolewa na kapasita zikamalizwa umeme kwanza. Mosfeti sita zote zilitolewa, hata tatu nzima, na zikawekwa sita mpya kutoka kwenye fungu moja, kila moja ikiwa imepita kipimo cha balbu ya gari kwa milivolti 35 hadi 40. Vipinga vya geti vilipimwa, kwa sababu mosfeti ikifa kwa kuungana hupeleka umeme wa betri hadi kwenye geti. Viwili vilikuwa vimeungua na vikabadilishwa. Saketi ya kuendesha geti ilikuwa salama.

Maika zilibadilishwa. Grisi ya joto ilipakwa nyembamba pande zote mbili za maika, kiasi cha kujaza mikwaruzo tu. Ikiwa nene inakuwa blanketi, kwani grisi nayo haipitishi joto kama chuma. Skrubu zilikazwa hadi shaba ikalala bapa, kisha mita ikathibitisha kwamba hakuna dreini iliyogusa bamba. Feni mpya iliwekwa na kichujio cha wavu mbele yake. Swichi ya joto ya nyuzi 80 ilifungwa kwa skrubu katikati ya bamba, kati ya mosfeti, na waya wa kuwashia saketi ya geti ukapitishwa humo: bamba likifika 80, mashine inazima yenyewe badala ya kufa.

Mara ya kwanza ya kuwasha, balbu ileile ya gari iliwekwa mfululizo kwenye waya chanya wa betri. Kama kuna kilichoungana, balbu inawaka kabisa na mosfeti zinapona. Iliwaka hafifu ikazima, ikatolewa.

Jaribio la mwisho lilifanywa kwa balbu sita za wati 100 pamoja, saa nzima, kichunguzi cha joto cha mita kikiwa kimebanwa chini ya skrubu ya mosfeti ya katikati. Dukani, inverta ilitolewa kabatini ikafungwa ukutani upande wa pili wa duka, ikiachiwa nafasi ya sentimita 15 kila upande, pale hewa ya mchana inapokuwa nyuzi 33. Kwa hewa hiyo hesabu inatoa nyuzi 56 kwenye bamba.

Hajati aliachiwa kipimo kimoja cha kufanya mwenyewe kila wiki ya kiangazi: friji zote mbili zikivuta, aweke kiganja mbele ya tundu la kutokea hewa. Upepo ukiwa dhaifu, kichujio kioshwe siku hiyo hiyo. Mashine ikizima yenyewe na kuwaka tena baada ya robo saa, hiyo ni swichi ya nyuzi 80 imefanya kazi, na cha kwanza kuangalia ni feni. Feni ikiwa nzima, ndipo mosfeti zitolewe moja moja zipelekwe kwenye balbu ya gari na milivolti 40.